Miaka minane kwa mtu wa miaka thelathini: Edmonton wamerukwa na akili?

"Habari mwalimu. Niko Busia, nauza vipuri vya pikipiki. Kaka yangu anaishi Edmonton, Kanada, na ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa hoki ya barafuni. Siku za mechi naamka saa kumi na moja alfajiri kutazama Oilers, timu ya Edmonton, kwenye simu kabla sijafungua duka. Sasa tunagombana. Timu ilimpa Leon Draisaitl mkataba wa miaka minane, dola milioni 14 kila mwaka, na mtu mwenyewe ameshafika miaka 30. Mimi nasema mchezaji akigonga 30 amekwisha, kwa hiyo wametupa dola milioni 112 ziwani. Kaka anasema sijui hesabu. Nani yuko sahihi? Na akizeeka kweli, si wamfukuze tu? Nauliza pia kwa ajili ya nyumbani: mdogo wetu wa mwisho ana miaka 19, anacheza winga kwenye timu moja ya mpira wa miguu, na viongozi wanataka asaini miaka mitano. Nimemwambia asaini, miaka mingi ndiyo usalama. Nimekosea?"

Ndugu yangu wa Busia, ugomvi wenu nimeufurahia, maana kila mmoja ameshika nusu. Kuhusu mwili wa mchezaji, wewe uko karibu na ukweli kuliko kaka anavyotaka kukiri. Kuhusu pesa, hesabu ni yake. Linalonipa wasiwasi ni la mdogo wenu, na nitalifikia.

Tuanze na hilo la "akigonga 30 amekwisha". Hakuna asubuhi mchezaji anaamka akajikuta amekwisha. Hoki ya barafuni inachezwa kwa vipande vifupi: mtu anaingia, anateleza kwa nguvu zake zote kwa sekunde arobaini na tano hivi, anarudi benchi kuhema, anaingia tena, mara ishirini na zaidi kwa usiku mmoja, mechi 80 na ushee kabla hata mtoano haujaanza. Mchezo wa namna hiyo unategemea misuli ya mlipuko, ile ya hatua tatu za kwanza, na hiyo ndiyo inayotangulia kupungua. Pumzi unaweza kuilinda kwa mazoezi miaka mingi. Akili ya mchezo inazidi kukomaa. Ila zile hatua tatu zinaibiwa kidogo kidogo, na uchovu wa mechi ya jana uliokuwa unaondoka kwa usiku mmoja unaanza kudai siku mbili.

Nimeliona hili kwa macho, tena kwenye magongo ya kawaida, pale Lugogo, Kampala, nilipokuwa bado nina magoti. Kiungo wetu alikuwa na miaka 36 na tulimwita Mzee. Mzee hakuwa anakimbia. Mpira ndio uliokuwa unamtafuta. Jumamosi moja kijana wa kidato cha sita alimjia upande wa kushoto. Mzee alijua anakokwenda, nyonga zikageuka mapema, fimbo ikashuka mahali pake hasa. Mguu ukachelewa. Fimbo ikagonga kisigino cha kijana badala ya mpira, refa akapuliza, Mzee akatolewa nje kupumzika. Mwaka uliotangulia fimbo ile ile ingekuta mpira. Kwenye barafu ni hivyo hivyo: mlinzi anayezeeka huwezi kumtambua kwa kuzubaa, utamtambua kwa idadi ya makosa ya kunasa mtu kwa fimbo, maana anafika nusu hatua nyuma na mkono unajaribu kulipa deni la mguu. Ukiamka alfajiri, acha kutazama mabao peke yake. Tazama nani anakifikia kwanza kile kisahani (ndicho mpira wao) kinapokuwa hakina mwenyewe.

Sasa takwimu. Kuna uchunguzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia uliotolewa mwaka 2014, uliopima umri wa wachezaji wa NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni wanayocheza Oilers. Ulikuta washambuliaji wanafika kileleni kwenye miaka 27 hadi 28, walinzi 28 hadi 29, na makipa hawana mteremko unaoeleweka katika sehemu kubwa ya umri wao. (La makipa halitukushangazi sisi: Denis Onyango alitajwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, tuzo ya mwaka 2016, akiwa na miaka 31.) Uchunguzi huo ulikuta pia kwamba mshambuliaji anabaki na kama asilimia 90 ya ubora wake kuanzia 24 hadi 32. Kumbe 30 si kaburi. Lakini wapo wachambuzi wengine waliopima kwa njia tofauti wakakuta kilele kinakuja mapema zaidi, karibu na 25, na mteremko baada ya 30 una makali. Mmoja wa walioandika sana juu ya jambo hili ni Eric Tulsky, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, ambaye klabu ya Carolina Hurricanes ilimfanya meneja mkuu mwaka 2024. Klabu siku hizi zinawaajiri watu wa kuchora mistari hii ya kupanda na kushuka kwa umri.

Kwa nini wanatofautiana? Nenda kwa mfugaji wa Ankole, umwombe akuonyeshe ng'ombe wake wazee. Utakuta wote ni wazuri, wananyonyesha, wana pembe za kupiga picha. Utatoka hapo ukisema ng'ombe wa Ankole hazeeki. Unasahau kwamba walio dhaifu walishapelekwa mnadani zamani. Ukichukua wachezaji wote wa miaka 36 walio NHL na kupiga wastani wao, utapata watu wazuri sana, kwa sababu aliyekwisha akiwa na 32 hayupo kwenye hesabu. Njia ya haki zaidi ni kumlinganisha mchezaji na yeye mwenyewe, mwaka huu na mwaka ujao, halafu kuyajumlisha mabadiliko ya wengi. Hata hiyo ina matundu yake, ila angalau haihesabu zizi lililobaki peke yake.

Ndiyo maana kaka yako akikutajia Alex Ovechkin, aliyefunga mabao 44 msimu wa 2024-25 akiwa na miaka 39 na tarehe 6 Aprili 2025 akaipita rekodi ya mabao ya Wayne Gretzky kwa bao la 895, mwambie huyo ni ng'ombe aliyebaki zizini. Jaromir Jagr pia, aliyemaliza msimu wa 2015-16 na pointi 66 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja), umri 44. Wapo, na hawakudanganya umri. Hawatoshi kukuandikia mkataba wa mtu mwingine.

Na wewe akikubana, una silaha nzuri, tena ya Edmonton hao hao. Mwaka 2016 walimsajili Milan Lucic, miaka 28, kwa miaka saba na dola milioni 42. Msimu wa kwanza pointi 50. Wa tatu pointi 20. Wakampeleka Calgary kwa kubadilishana na James Neal, ambaye naye alikuwa amefunga mabao 20 au zaidi kwa misimu kumi mfululizo, kisha mwaka wa kwanza wa mkataba wake mpya, akiwa na 31, akafunga 7. Yaani klabu mbili jirani zilikutana zikabadilishana madeni. Lucic alikuwa mtu wa mwili: kusukumana, kugonga, kufika kwenye kona kabla ya mlinzi. Wachezaji wa aina hiyo umri huwadai mapema.

Draisaitl ni wa aina gani? Hapa ninampa kaka yako alama. Mjerumani huyu hajawahi kuishi kwa mbio. Anaishi kwa pasi, kwa kifua kinachokinga kisahani, na kwa lile shuti la kutoka pembeni mwa goli wakati mpinzani ametolewa mtu mmoja na nafasi ni kubwa. Ujuzi wa kucheza dhidi ya watu wanne hudumu kuliko ujuzi wa kucheza watano kwa watano, kwa kuwa hapo hakuna haja ya kumpita mtu kwa kasi. Msimu wa 2024-25 alifunga mabao 52, hakuna aliyemfikia katika ligi nzima. Mkataba mpya ulianza msimu uliofuata, naye akatimiza 30 Oktoba 2025. Utakwisha 2033 akiwa na 37. Dau langu ni kwamba miaka minne au mitano itakuwa mizuri kabisa, mmoja wa kuvumilia, na miwili ya mwisho utakuwa unatazama ukigeuza uso.

Basi kwa nini wakubali kulipa hiyo miwili? Kwa sababu ya kitu kinachoitwa kikomo cha mishahara. Baada ya msimu wa 2004-05 kutochezwa kabisa kwa mgogoro wa mishahara, NHL iliweka kikomo: kila klabu ina kiasi kimoja cha juu cha kulipa wachezaji wote. Kilianza na dola milioni 39. Msimu wa 2025-26 kilifika milioni 95.5, halafu wakatangaza milioni 104, kisha 113.5 kwa 2027-28. Na mzigo wa mchezaji kwenye kikomo ni wastani wa mkataba wote, hata kama mwaka huu amepokea zaidi na mwaka ule pungufu.

Chukua mfano wa duka lako. Mwenye nyumba anakuambia: lipa pango hili hili kwa miaka minane, sitapandisha. Mwaka wa kwanza unaona ghali kuliko jirani. Mwaka wa tatu jirani amepandishiwa mara mbili na wewe uko pale pale. Milioni 14 ndani ya 95.5 ni karibu asilimia 14.7 ya mfuko. Ndani ya 113.5 ni kama asilimia 12.3. Mtu hajapunguziwa hata senti, lakini mzigo wake umepungua, huku yeye bado ana miaka 31 na 32. Kama wangemtaka kwa miaka minne peke yake, angedai zaidi kwa mwaka, na hizo za ziada zingetoka kwenye mshahara wa kipa au mlinzi wa pili. Miaka ya 35, 36 na 37 haikununuliwa kwa ajili ya kuchezwa. Ni malipo ya baadaye kwa bei nafuu ya leo, sawa na mtu anayerefusha mkopo wa boda ili rejesho la wiki lipungue, akijua kabisa mwishoni atakuwa analipia pikipiki inayotoa moshi. Edmonton walishindwa fainali na Florida mwaka 2024 na tena 2025. Klabu iliyo hapo haiwazi 2033.

Mchezo huu wa kurefusha uliwahi kupita kiasi. New York Islanders walimpa kipa Rick DiPietro miaka 15 mwaka 2006. Majeraha yakammaliza, mkataba ukavunjwa 2013, na bado wanamlipa dola milioni 1.5 kila mwaka mpaka 2029. New Jersey walimwandikia Ilya Kovalchuk miaka 17 mwaka 2010, ligi ikaukataa kwa kuwa ulionekana wazi ni wa kudanganya wastani. Tangu 2013 mwisho ukawa miaka minane kwa mchezaji uliye naye na saba kwa anayetoka klabu nyingine, na makubaliano yanayoanza Septemba 2026 yanapunguza kuwa saba na sita. Draisaitl aliwahi.

Sasa swali lako la kumfukuza. Mikataba ya NHL ina dhamana, ndugu yangu. Kiwango kikishuka hakuna barua ya kuachishwa kazi. Unaweza kuuvunja kwa kulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki (akiwa na miaka 26 au zaidi), malipo yakitandazwa kwa muda mara mbili ya miaka iliyobaki. Lakini pesa ya kusaini haipunguzwi, na mawakala wa wakubwa wanahakikisha sehemu kubwa ya mkataba imeandikwa kama pesa ya kusaini. Uliza klabu ya Minnesota. Mwaka 2012, siku moja, waliwasaini Zach Parise na Ryan Suter, kila mmoja miaka 13 na dola milioni 98. Wakawavunjia mikataba 2021. Misimu ya 2023-24 na 2024-25, watu hao wawili ambao hawakuwepo kwenye timu walikula dola milioni 14.7 za kikomo kila msimu, kuliko anavyokula Draisaitl anayecheza. Hapo wewe una haki ya kucheka. Ila ngoja: Septemba 2025 Minnesota hao hao wakampa Kirill Kaprizov miaka minane kwa milioni 17 kila mwaka, mkataba utakaoanza akiwa na 29. Waliungua, wakapiga hesabu ya kikomo kinachopanda, wakarudi jikoni.

Kuna na kichekesho cha Shea Weber. Alisaini miaka 14 mwaka 2012, mwili ukagoma baada ya fainali ya 2021, na baada ya hapo mkataba wake ukawa unauzwa klabu hadi klabu kama karatasi. Novemba 2024 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki huku mkataba wake wa uchezaji ukiwa bado hai.

Ningekuwa mimi ofisini Edmonton, ningesaini, nikijua kwamba ifikapo 2031 watu kama wewe watanitukana kila alfajiri. Na sidharau njia nyingine: Connor McDavid, mwenzake Draisaitl, Oktoba 2025 alichagua miaka miwili tu. Anajiamini na anajua kikomo kinapanda, basi anataka kurudi mezani haraka.

Hapa ndipo naingia nyumbani kwenu, maana kuna mkataba mwingine wa Draisaitl ambao hamjaugombania. Agosti 2017, akiwa na miaka 21, alisaini miaka minane kwa dola milioni 8.5 kila mwaka. Watu walipiga kelele kwamba amezidishiwa. Mwaka 2020 akawa mchezaji bora wa ligi kwa pointi 110. Kwa miaka minane yote ya kupanda mlima, klabu ilimlipa bei ya mtu aliye chini ya mlima. Mkataba ule mrefu haukuwa na mwaka mbovu hata mmoja, na aliyepata hasara ni mchezaji. (Hasara ya kulipwa dola milioni 8.5 kwa mwaka, sawa, sote tungeivumilia.)

Mdogo wako yuko kwenye mkataba huo wa kwanza. Klabu inayotaka miaka mitano ya kijana wa 19 inanunua 19 hadi 24, yaani kupanda kwake kote. Kwa hiyo ushauri wako wa "miaka mingi ndiyo usalama" unamfaa mtu wa 30. Kwa kijana wa 19 mara nyingi ni usalama wa klabu.

Lakini nisikudanganye kwamba mfupi ni mzuri daima. Akipasuka goti mwaka wa pili, mkataba wa miaka mitano wenye kifungu cha matibabu ni mkombozi, mradi klabu iwe inalipa. Na hapo kwetu ndipo penye jiwe: Draisaitl akiandikiwa milioni 14 anazipata. Kabla ya kuhesabu miaka, waulize wachezaji wa timu hiyo, si viongozi, mshahara wa miezi mitatu iliyopita uliingia lini. Kama jibu linaanza na kucheka, miaka mitano ni kamba. Kama wanalipa kwa wakati, mimi ningependa miwili, au mitatu yenye nyongeza kila mwaka. Wakishikilia mitano, basi iandikwe bei ya kumwachia akipata timu ya nje, na asilimia atakayopata yeye. Angalia sana kifungu kinachoiruhusu klabu kuongeza mwaka bila kumuuliza. Hicho kinaigeuza mitano kuwa sita.

Kanuni za FIFA zinamlinda kidogo. Mkataba wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi miaka mitano, wa chini ya 18 hauzidi mitatu. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuitaka kwa maandishi, akaipa siku 15, na ikikaa kimya ana sababu halali ya kuondoka. Zipo pia adhabu za kuvunja mkataba ovyo katika miaka mitatu ya mwanzo kwa aliyesaini kabla ya kutimiza 28, na miwili kwa aliyesaini baadaye. Ona, hata wanasheria wamechora mstari wa umri.

Swali moja la aibu, na unijibu moyoni tu: hiyo 19 ni ya kuzaliwa au ni ya mpira? Kama kitambulisho kinasema 19 na mama anajua ni 22, mahesabu yangu yote yanahama, kwa kuwa mwili hausomi kitambulisho, na kusaini umri wa uongo kunaweza kumfungia milango baadaye.

Haya mengine siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Chukueni nakala ya mkataba, muende kwa wakili, Busia au Tororo, ausome mbele yenu na awaelezee kifungu kwa kifungu kwa lugha ya nyumbani. Akijitokeza mtu anayejiita wakala, atoe leseni yake ya FIFA. Apimwe magoti na vifundo na daktari asiyelipwa na klabu, matokeo yabaki mikononi mwenu. Kabla ya hapo asisaini, hata kama wamemwita ofisini jioni, wamemnunulia soda, na kalamu iko mezani.